Madodoso Niliyofungia Misumari

Duka langu lilikuwa Kariakoo, na niliuza misumari, bawaba, makomeo na kufuli. Kufuli nilizijua kweli. Ungeniletea yoyote ningekwambia kama inafunguka kwa pini ya nywele au itamtoa mwizi jasho. Ufunguo wa duka lenyewe niliuweka juu ya fremu ya mlango, na mtaa mzima ulijua upo pale, maana nikichelewa niliwapigia simu wanifungulie.

Kabla ya duka nilikuwa mtunza stoo wa shirika la umma. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia stoo, nikakaa humo mpaka shirika likauzwa na sisi tukapewa barua za kupunguzwa. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila aliyepunguzwa alifungua kitu, nami nikafungua misumari. Ila stoo haikunitoka. Sikuweza kutupa karatasi, kwa sababu tulipitia wakati karatasi ilikuwa adimu kama sukari na barua ilijibiwa nyuma ya barua. Wala sikuweza kuona karatasi isiyo na mwenyewe. Stoo kila kitu kiliandikwa ni cha nani na kinakaa wapi.

Kwa hiyo wenzangu walipohamia mifuko ya nailoni, mimi niliendelea kufunga misumari kwa karatasi. Nilinunua maboksi ya karatasi chakavu kutoka maofisini, nikawa nazikunja kama wafanyavyo wauza karanga. Nailoni inatobolewa na msumari. Karatasi ngumu ya ofisini inavumilia. Jirani yangu, Mhindi muuza sufuria aliyezaliwa mtaa huohuo na kunizidi Kiswahili cha mjini, aliniita Bwana Stoo.

"Bwana Stoo, foleni ya sukari imeisha zamani," alikuwa akisema. "Toka, urudi nyumbani."

Alikuwepo siku binti yangu wa mwisho alipokuja dukani kunipa habari.

"Baba, nimepata nafasi ya kusoma tena."

"Tena? Kwani ile shahada ya kwanza imeisha muda wake?"

"Hii ni ya uzamili. Usalama wa mtandao."

Jirani akaacha kufuta sufuria. "Usalama? Bwana Stoo, mwanao anakuwa mlinzi! Mnunulie rungu kabisa."

"Shikamoo, Anko," binti akamwambia. "Lindo la kwanza nitaanzia kwako. Neno la siri la kompyuta yako nimelisoma kwenye kalenda ya ukutani, nikiwa nimesimama hapahapa kwa Baba."

"Marahaba. Si mwandiko mzuri lakini?"

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa kuwa hakusema kwamba namba ya siri ya simu yangu nilikuwa nimeibandika kwa plasta nyuma ya simu yenyewe. Alinistahi.

Mwaka wa kwanza alisoma darasani, na jioni akipita dukani alinitania. Alikuwa anachukua kufuli, anaigeuzageuza, kisha anauliza, "Baba, hii inauzwa pamoja na fremu ya mlango ya kuwekea ufunguo?" Nami nilimjibu kwamba nimemsomesha miaka yote ile ili aje kunifundisha kufunga mlango.

Mwaka wa pili ulikuwa wa utafiti, na akachagua Kariakoo. Wakati huo wafanyabiashara wetu walikuwa wanaagiza mizigo China na Dubai kwa barua pepe. Anayeingia kwenye barua pepe yako anaiona oda yako, na kontena lake litakuwahi bandarini. Binti alitaka kujua watu wanalindaje maneno yao ya siri. Hakuuliza neno lenyewe. Aliuliza mtu analitunga vipi, ameliandika wapi, na nani mwingine analijua. Maswali hayo yalikuwa kwenye dodoso, karatasi yenye mistari na vijisanduku, na juu kabisa palikuwa na ahadi kwamba majibu hayataonwa na mtu mwingine. Jina halikuandikwa. Palikuwa na namba tu.

Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu. Wote walimdhania mtu wa kodi.

"Twende," nikamwambia. Nikavaa kofia yangu, tukapita duka kwa duka. Nilisema neno moja tu, "Huyu ni mwanangu," na watu wakafunguka. Muuza mapazia wa kona ya msikiti, mtu mkimya mwenye wake wawili, alivuta stuli akaeleza mpaka chai ikapoa. Walitia tiki chini ya ile ahadi bila kuisoma. Walichokisoma ni uso wangu.

Hapo nilifanya kosa la kwanza, tena kwa mapenzi. Kila tulipotoka dukani nilimwomba zile karatasi nimshikie. Niliona zina namba tupu, hazina mwenyewe, roho ikaniuma. Basi nyuma ya kila moja nikaandika kwa penseli, herufi ndogo: muuza mapazia, kona ya msikiti; mama wa vitenge, ghorofa ya kijani. Nilidhani namwokoa na usumbufu. Yeye alikuwa na sababu ya kuacha pale wazi, nami sikuuliza.

Alipomaliza kukusanya, chuo kilimwita wiki nzima kwa mitihani iliyobaki. Alikuja na madodoso yote ndani ya boksi.

"Naomba uniwekee, Baba. Nyumbani watoto wa dada wanachora kila karatasi wanayoiona."

"Uliache hapa, kwa mtu wa plasta nyuma ya simu?"

Akacheka. "Wewe ni mtunza stoo. Hapa ndipo ninapopaamini."

Nililiweka chini ya kaunta. Maboksi yangu ya karatasi chakavu nayo yalikuwa chini ya kaunta.

Jumatatu yake mvua zilikuwa zimekatika, na mafundi wote wa jiji waliamua kuezeka siku moja. Nilipima, nilikunja, nilifunga, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Boksi moja likaisha, mkono ukaenda kwenye lililofuata. Karatasi za maofisini zinafanana zote: mistari, vijisanduku, namba.

Alasiri jirani akaingia akiwa ameshika ubavu kwa kucheka. Alikuwa amemtuma mfanyakazi wake aje kununua misumari ya rafu.

"Bwana Stoo, siku hizi unauza misumari pamoja na gazeti la udaku? Sikiliza. Neno la siri limetungwa vipi: kwa jina la mke mdogo. Wanaolijua: wote dukani. Asiyelijua: mke mkubwa. Na nyuma umeandika mwenyewe, muuza mapazia wa kona ya msikiti!"

Nilicheka naye kabla akili haijafika. Ilipofika, nililivuta lile boksi nikahesabu. Kumi na moja hazikuwemo.

Nilijua nini kiko hatarini. Alikuwa amewaahidi watu wale kwa maandishi, na chuo nacho kilikuwa na ahadi hiyo. Ikivunjika, utafiti wake hauna miguu, na shahada inakwenda na utafiti. Simu ilikuwa mfukoni. Ningempigia palepale. Badala yake nilimwambia jirani, "Nipe hiyo, tafadhali," nikafunga duka, nikaanza kufukuza misumari yangu mjini.

Nyingi nilizipata kwa mafundi wa karibu. Tatu zilikuwa kwa seremala mmoja Buguruni, na mojawapo alikuwa amekwisha kuichorea miguu ya stuli. Nyingine ilinipeleka mpaka soko la samaki la Feri, kwa mtu anayepigilia makreti ya samaki. Yeye alikuwa amempa mama mkaanga samaki wa pembeni, na nilipofika ilikuwa imefungiwa changu wa kukaanga.

"Mama, naomba hiyo karatasi."

"Mzee, unataka samaki au unataka karatasi?"

"Vyote viwili."

"Basi kula kwanza, karatasi haipoi."

Nilikula nimesimama, nikaikunja ile karatasi ndani ya leso. Baada ya siku tatu nilikuwa na kumi. Ya mama wa vitenge sikuiona, na mpaka leo sijui iko wapi.

Kisha nikafanya lile ambalo nikilikumbuka natazama chini hata nikiwa peke yangu. Nilizifuta penseli zote nyuma. Nilitandika shuka mezani, nikawasha pasi, nikazipiga pasi moja moja mpaka mikunjo ikalala. Nikazirudisha ndani ya boksi kwa mpangilio wa namba, kama stoo inayosubiri mkaguzi.

Binti alipiga simu siku ile ile. "Baba, boksi langu halijambo?"

"Halijambo," nikasema.

Alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alikaa juu ya ndoo ya misumari, akaanza kupekua. Akasimama kwenye moja, akaiinua mpaka puani.

"Baba, hili dodoso limekaangwa?"

Nikakohoa. "Huenda ni panya. Unawajua panya wa hapa."

Akaishika nyingine, akapitisha kidole pale penye mkunjo uliolazwa. "Panya wa Kariakoo siku hizi wanapiga pasi?"

Laiti angeendelea kutania. Lakini aliziweka zote mbili chini, akaningoja, nami nikamweleza yote kuanzia penseli mpaka samaki. Hakuuliza ni ngapi zilitoka. Aliuliza zilitoka lini.

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na leo ni Alhamisi. Siku zote hizo hawajui. Wewe unajua, Baba, wao hawajui."

"Kumi zimerudi. Imebaki moja tu. Nani ataiona?"

"Chuo kitaniuliza zilitunzwaje. Unataka nijibu nini?"

Akafunga boksi, akasema tutakwenda kwa wote kumi na mmoja, siku hiyohiyo, na msemaji nitakuwa mimi, kwa sababu ni mimi waliyemwamini.

Tulipita njia ileile, kofia nikiwa nimeishika mkononi. Wengi walituonea huruma. Mama wa vitenge alifunga duka lake akaenda kubadilisha neno lake la siri, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akinipita bila salamu. Kwa muuza mapazia nilikuta nimechelewa. Jirani yangu hakuwa na ubaya, ila kile kichekesho alikuwa amekigawa mtaani, na mimi sikumkataza kwa kuwa kumkataza kungekuwa kukiri. Watu walikuwa wanatabasamu mbele ya yule bwana wiki nzima naye hajui wanatabasamia nini. Alikuja kuambiwa na mke mkubwa, nyumbani, mbele ya watoto.

"Ungeniambia Jumatatu," alisema, "Jumatatu hiyohiyo ningeweka jina la mama yangu."

Binti aliandika kila kitu akapeleka chuoni, mwenyewe, bila kuulizwa. Waliamua karatasi zote zichomwe na aanze upya. Wenzake walivaa joho mwaka ule. Yeye alivaa mwaka uliofuata. Ofisi iliyokuwa imemwekea nafasi haikungoja, ikamchukua mwingine. Hajawahi kuniambia kwamba ni kwa sababu yangu. Ndiyo maana nimeona niseme mwenyewe. Kufungia misumari ilikuwa bahati mbaya ya mzee asiyevaa miwani. Pasi haikuwa bahati mbaya.

Alipokuja mara ya pili Kariakoo hakunihitaji. Nilimwona kutoka kaunta yangu akipita duka kwa duka peke yake, na nilikuwa na hakika atafukuzwa. Wa kwanza kumvutia stuli alikuwa muuza mapazia.

"Huyu alimleta mzee wake kunieleza mambo ambayo angeweza kuyaficha," nilimsikia akiwaambia wenzake. "Mwandikieni. Ila baba yake asishike karatasi!"

Mtaa ukacheka, jirani yangu wa sufuria akicheka kuliko wote. Nami nilicheka, maana ilikuwa haki yangu kuchekwa.

Mwisho alifika kwangu. Akaweka dodoso juu ya kaunta.

"Na wewe ni mfanyabiashara, Baba. Mara ya kwanza nilikuruka."

Nilivaa miwani, nikasoma ahadi ya juu mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuna aliyelifanya, nikatia tiki. Nikajibu. Palipoulizwa nani mwingine anaijua namba yangu ya siri, niliandika: mtaa wote. Alisoma akacheka, na tangu lile boksi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Kisha akaigeuza karatasi kutazama nyuma. Palikuwa peupe.

"Ukipenda uyaache madodoso yako hapa," nikasema, nikijua jibu.

"Hapana, Baba."

Akayatia yote kwenye mkoba wenye zipu. Nilichukua kufuli ndogo ya shaba kwenye rafu, ile isiyofunguka kwa pini ya nywele, nikampa. Akaifunga kwenye zipu, akatia ufunguo mfukoni. Halafu hakuondoka. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja wazi, akaningoja, kwa kuwa alikulia dukani kwangu na alijua kila kufuli ninayouza ina funguo mbili.

Nikampa na ule wa pili.