Kigari Kipana na Mlango wa Kanisa

Ile siku ya wilbaro naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Ilikuwa msimu wa kahawa hapa Kanja, na mimi nilikuwa mama wa watoto wawili ambao hakuna hata mmoja aliyejua kutembea vizuri. Nyaga alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Njeru alikuwa na mwezi mmoja na siku chache. Piga hesabu, kisha ucheke kama walivyocheka wengine. Mimi nimeshazoea.

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mpunga kule Mwea, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kahawa nayo haimngoji mtu. Ikiiva ichumwe, na ikichumwa ifike kiwandani siku hiyo hiyo. Mgongo wangu ulikuwa na gunia, kamba yake imenikaza kwenye paji la uso, kama tulivyobeba mizigo sisi wanawake wa Embu tangu hapo. Sasa watoto wangekaa wapi? Nilichukua wilbaro ya baba mkwe, nikaiosha samadi, nikatandika blanketi, nikamlaza Njeru na kumketisha Nyaga kando yake. Nikaanza kusukuma. Gurudumu lilikuwa moja na lililia njia nzima, lakini watoto wangu wote wawili walikuwa mbele ya macho yangu, na nilijiona mjanja kweli.

Kiwandani wanawake walikuwa wameketi wakichambua kahawa, nyekundu huku, mbichi kule. Mmoja akainua kichwa.

"Wanjira! Leo unauza na hao? Basi wapeleke kwa mizani!"

Walicheka mpaka karani naye akaacha kalamu akacheka. Nyaga pia alicheka, maskini, alidhani ni mchezo. Mimi sikucheka. Uso uliniwaka, nikatamani ardhi inimeze pamoja na hiyo wilbaro.

Kisha Ciambaka akanivuta kando. Huyo alikuwa dada ya baba mkwe wangu, mama wa kanisa, mtu ambaye akikohoa ukoo mzima unanyamaza. Aliniambia, "Mke wa mwanetu, unatuaibisha. Mtoto akishaachishwa titi huenda kwa nyanya yake, na aliyezaliwa juzi hubebwa mgongoni. Ndivyo tulivyofanya sote. Wewe ni nani usukume watoto kama samadi?"

Sasa wewe umefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mimi nilifundishwa hivyo. Basi nisikilize vizuri, kwa kuwa wazee wenzangu hawatakuambia jambo hili: mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vile vile.

Wiki ile ile nilimpeleka Nyaga Ishiara kwa mama yangu. Sikumpeleka kwa njaa wala kwa ugonjwa. Nilimpeleka kwa sababu ya kicheko cha watu waliokuwa wakichambua kahawa, ambao wengi wao leo hata majina siyakumbuki. Mama yangu hakumkosea kitu. Alimpa uji wa mtama, ndengu na maziwa ya mbuzi, akamlea mpaka mashavu yakajaa. Nilikwenda kumwona kila shamba liliponiruhusu, na halikuniruhusu sana. Mara ya kwanza alilia nilipoondoka. Mara ya pili alilia kidogo. Mara ya tatu alikuwa akicheza na mbwa, na hakugeuka.

Alirudi Kanja akiwa na miaka saba, aanze shule. Nilikuwa nimepika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na kuchinja kuku. Alisimama mlangoni na kifuko chake cha nguo, akanipa mkono kama mgeni.

"Habari yako, Mama Njeru," akasema.

Kijiji humwita mwanamke kwa jina la mtoto wanayemwona naye kila siku, na mimi nilionekana na Njeru. Huko Ishiara nako nilipofika watu walikuwa wakisema, "Mama Njeru amekuja." Hilo ndilo jina alilolijua. Neno "mama" alikuwa ameshampa nyanya yake. Niliingia jikoni nikalia juu ya sufuria, kisha nikapakua chakula. Nyaga sasa ni mtu mzima, ana mvi, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ni mwana mwema kwangu kuliko ninavyostahili. Ameniezekea nyumba. Lakini mpaka leo ananiita Mama Njeru, na mimi naitika.

Njoo sasa kwenye habari ya juzi. Wawira, binti ya huyo huyo Nyaga, ni mwalimu Embu mjini. Ana Ciarunji, msichana wa mwaka mmoja na nusu, na Ireri wa miezi mitatu. Nyumba yao iko kwenye mteremko, barabara ni ya murram, changarawe nyekundu, na kila asubuhi lazima awafikishe watoto kwa mama anayewatunza kabla ya kengele ya shule. Alikuwa akimfunga mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na mfuko wa madaftari ukining'inia shingoni. Akaamua kununua kigari cha watoto wawili.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema ni uzungu, wengine wakasema ni uvivu, mtoto ni wa mgongoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgongo wangu mimi umebeba watoto sita, kuni, maji na kahawa ya watu wengine, na sasa haunyooki tena. Anayependa sana mgongo atoe wake.

Lakini mama mkwe wa Wawira, anayeishi Gachoka, alisema neno lililoniinua kitini. Alisema, "Niletee jina langu, likae na mimi mpaka lifike umri wa shule." Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo Ciarunji mdogo ni jina la huyo bibi, na yeye aliona anadai kilicho chake. Simlaumu. Ni mjane, nyumba yake imenyamaza, na angemlisha mtoto vizuri kama mama yangu alivyomlisha Nyaga. Ndiyo maana niliogopa. Mtu mbaya ni rahisi kumkatalia.

Wawira, ambaye huniita Cucu, yaani nyanya, alinipigia simu. "Cucu, nimechoka kubishana," akasema. "Jumapili tunaenda Gachoka kwa shukrani ya Ireri kanisani, nitamwacha Ciarunji huko. Nguo zake nimeshafunga. Sasa sihitaji hata hicho kigari cha wawili, cha mmoja kitatosha."

"Usinunue kitu mpaka nifike," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya kikanisa.

Nilifika kesho yake nikiwa na ndizi, malenge na uzi wa katani. Uzi ule niliupima kwenye mlango wa nyumba yake, nikafunga fundo. Kisha tukaenda kwa mwuzaji wa vigari vya mitumba, kijana mchangamfu, tukiwa na watoto wote wawili. Alikuwa na vigari viwili vya watoto wawili, viti vikimwelekea anayesukuma. Kimoja kirefu, kiti kimoja mbele yake na kingine nyuma ya hicho, chini. Kingine kipana, viti vimekaa bega kwa bega.

"Cucu, chukua hii ndefu," kijana akasema. "Hii inapita kila mahali, kwa duka, kwa hospitali, kila mlango. Hiyo ingine ni pana sana, itawasumbua tu."

Sikubishana naye. Nilivitoa vyote viwili nje, kwenye mteremko, nikakanyaga breki na kuvisukuma kwa nguvu zangu zote. Vyote vilisimama. Nikaweka malenge kwenye kiti kimoja kimoja nione kama kitapinduka. Watu walisimama kunitazama bibi kizee nikiyatembeza malenge kwa kigari. Waliocheka, wacheke. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Kisha nikasema tuwaweke watoto wenyewe. Kwenye kile kirefu mdogo alikaa mbele, karibu na macho ya mama yake. Ciarunji akawekwa nyuma, chini. Alitazama mbele akaona mgongo wa kiti cha ndugu yake. Akainama kulia, akainama kushoto, akimtafuta Wawira. "Mama?" akaita, na Wawira alikuwa amesimama hapo hapo, hatua moja tu. Mtoto akaanza kulia.

Mwanangu, niliketi kwenye ngazi ya duka, nikamsimulia Wawira habari ya wilbaro na ya Ishiara, yote. Alikuwa amemsikia baba yake akiniita Mama Njeru maisha yake yote na hakuwahi kuuliza kwa nini. Kisha akamtoa Ciarunji kule nyuma, akamweka kwenye kile kipana, kando ya Ireri. Ciarunji akashika kidole cha mdogo wake na kutuangalia sote. Nilipima upana kwa uzi wangu. Kingepita mlango wa nyumba na kubakisha vidole viwili.

"Tunachukua hiki," Wawira akasema.

Nyaga alikibadilisha magurudumu ya mbele akaweka makubwa ya kuhimili murram. Nilisimama karakanani kwake nikamweleza kwa nini nimekichagua. Alisikiliza akiwa ameinama. Akakaza tena nati ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

Jumapili tukaenda Gachoka. Tuliposhuka garini, Nyaga ndiye aliyesukuma kigari. Nguo za Ciarunji zilikuwemo kwenye gari la mkwe wetu, mume wa Wawira, maana Wawira, pamoja na yote, hakuwa amepata nguvu za kumwambia mama mkwe wake hapana. Tukafika mlangoni mwa kanisa, na kigari kikakwama. Mlango ule una mbao mbili, lakini ubao mmoja tu ndio hufunguliwa kila Jumapili. Wa pili hufunguliwa kwa bibi harusi na kwa jeneza.

Mzee wa kanisa akaja mbio, mtu mpole. "Mama, kigari kiachwe nje. Mdogo abebwe, atoe shukrani yake. Huyu mkubwa akae na nyanya yake hapa nje, kwani si anabaki naye?"

Ciarunji mkubwa, yule mama mkwe wa Wawira, akanyoosha mikono. Wawira akaangalia chini, akainama kumfungua mtoto mkanda. Niliitazama mikono yake ikikitafuta kifungo. Niliijua mikono hiyo, ilikuwa yangu.

Ndipo Nyaga akaweka kiganja chake juu ya mkanda. "Wacha mtoto," akamwambia binti yake taratibu. Kisha akanigeukia mimi. "Mama Njeru, fungua huo mwingine. Waingie wote wawili."

Komeo lilikuwa na kutu. Nililivuta kwa mikono miwili, mzee wa kanisa akisema pole pole mama, hiyo haifunguliwi, na waumini wote wamegeuza shingo. Likakatika kwa kelele kubwa, ubao ukafunguka, jua likaingia mpaka madhabahuni. Mwanangu aliyekulia mbali na mimi akawasukuma wajukuu wake ndani, bega kwa bega.

Nilimshika mkono Ciarunji mkubwa, aliyekuwa amesimama na machozi. "Mkwe," nikamwambia, "jina lako halijapotea. Liko hapo, limekaa vizuri. Ukilitaka, njoo Embu ulilee mbele ya mama yake. Kitanda kipo." Alinichukia wakati wa zaburi ya kwanza. Kufikia sadaka alikuwa ameketi kando ya kigari, akimpangusa jina lake pua. Nguo zilirudi Embu jioni ile ile, na yeye akafuata wiki iliyofuata na kuku wawili.

Basi mwanangu, ukienda kuchagua kigari cha watoto wako wawili, pima kwanza mlango wa nyumba yako kwa uzi, wala usiamini mdomo wa mwuzaji. Jaribu breki kwenye mteremko. Tazama kama mikanda yote miwili inafunga, si ya mdogo tu. Magurudumu yawe ya barabara unayoikanyaga wewe, si ya sakafu ya duka. Kisha waketishe wote wawili na uangalie macho ya yule mkubwa. Akikuona, nunua. Na wakikuambia kipana hakiingii, waambie wafungue mlango, maana wenye milango ni watu, na komeo liliwekwa na mkono. Mila nazipenda, nimezaliwa ndani yake, lakini mila inayomweka mtoto mmoja mahali asipomwona mama yake mimi nimeilipia, na sikubali uilipie wewe.

Kwetu mzee akibariki hutema mate kidogo kwenye viganja. Nyoosha mikono yako. Mungu wa mlima na wa tambarare akupe watoto, akupe nguvu za kuwasukuma wote. Wacheke wanaocheka, na usiwasikie. Na kila mtoto utakayemzaa, wa kwanza na wa mwisho, akue akikuita mama.