Mswaki wa Mama Kliniki

Mtaani walimwita Mama Kliniki, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Kazi yake kwenye kliniki ya meno ilikuwa kupiga deki, kumwaga taka na kusuuza vikombe vya kusukutulia, lakini miaka kumi na miwili ya kupiga deki huku mlango wa daktari uko wazi ilimpa elimu ambayo wengine huilipia ada. Majirani walimletea mashavu yaliyovimba. Aliwafungua vinywa penye mwanga, akatoa hukumu.

Binti yake wa pekee, sasa wa miaka kumi na sita, hakuachana na soda ya ndimu tangu alipokuwa na kumi na mitatu. Chupa ya asubuhi aliifyonza kidogokidogo mpaka jioni, njiani, darasani, kitandani. Mama Kliniki hakumkataza. Dawa alikuwa nayo.

"Umekunywa? Haya, bafuni."

"Mama, nimeonja tu."

"Kuonja ndiko kunywa. Dakika tatu, na usiyapapase hayo meno kama unabembeleza mtoto. Sugua."

Hata shuleni binti alikwenda na mswaki kwenye mkoba, na kila baada ya funda akakimbilia bombani. Wenzake wakampa jina la Fagio.

Mwaka wa tatu wa mtindo huo meno ya mbele yakaanza kuwa membamba, yakaingia njano, maji baridi yakawa adhabu. Mama aliitazama ile njano, akaona uchafu. Akanunua mswaki mgumu zaidi.

Siku pembe ya jino ilipobaki kwenye mkate, alimpeleka binti kazini kwake, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kushauriana na mwenzake.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. "Nani kakufundisha kupiga mswaki?"

Binti akamnyooshea mama yake kidole.

"Baada ya soda, mara moja?"

"Mara moja," mama akajibu, akisubiri sifa.

"Soda ina asidi, mama. Inalainisha jino. Angesukutua kwa maji, akangoja kama saa nzima, jino lingepata nguvu kidogo. Ninyi mmelisugua likiwa bado laini. Soda imelainisha, wewe umekwangua."

"Na hiyo njano?"

"Hilo ni tabaka la ndani la jino. La nje limekwisha."

"Litaota tena?"

"Halioti. Nitafunika kilichobaki."

Nje ya mlango binti alisema, bila kupandisha sauti, "Miaka kumi na miwili, mama. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nilikuwa nadeki."

Daktari aliomba kupiga picha ya meno yale, iwafae vijana wengine. Mama, akiwa mzazi, akatia sahihi. Baada ya wiki mbili picha ilitundikwa ukutani, chumba cha kungojea, kubwa kama dirisha: kinywa peke yake, bila uso, bila jina.

"Masikini," alisema mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni. "Huyu mtoto hana mzazi nyumbani?"

"Nyanyueni miguu," alisema Mama Kliniki, akapitisha deki chini ya viti.