Kuku wa Kupatanisha Ndugu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilikula paja la kuku lililokaribia kuvunja ukoo mzima. Na wala sikuliiba. Nilikaribishwa.

Nilikuwa kijana hapa Butembo: mchana natengeneza pikipiki kwenye atelie, jioni niko darasani. Njaa yangu ilikuwa inasikika mpaka Beni. Basi Kasereka, rafiki yangu wa pale kazini, akaniambia baada ya misa, "Twende kwetu Vuhovi. Leo familia inakutana, kutakuwa kuku." Sikumwuliza kama wenyeji wanajua nakuja. Naye hakuwauliza wenyeji. Tukapanda pikipiki, tukaenda tunaimba.

Hakuniambia kwamba familia haikukutana kwa sherehe. Baba yake, mzee Paluku, na baba yake mdogo, Kambale, hawakuwa wanasemezana tangu mmoja apande mikalitusi kwenye mpaka wa shamba la mwenzake. Hata mazishini walikaa mbalimbali. Koko, yaani bibi yake Kasereka, aliyewazaa wote wawili, aliwabembeleza mpaka wakakubali kukaa pamoja siku hiyo. Akapikisha kuku mmoja. Ndiyo desturi ya nyumba ile: wenye ugomvi waseme yote yaliyo moyoni, halafu wale pamoja sahani moja, mambo yaishe.

Hawajamaliza kusema, tukaingia sisi, vumbi mpaka kwenye kope.

Maneno yakakatika. Ndugu gani wataombana msamaha mbele ya mtu wasiyemjua? Wakaanza kuniuliza bei ya petroli, nami nikajibu kirefu, kama waziri! Na kwao mgeni hakai bila kula. Mke wa Paluku hakuwa na kingine jikoni. Kwa aibu akaniletea sahani ile ile. Nikachukua paja. Kambale akalitazama likipanda mpaka mdomoni mwangu, akasimama, akashika kofia yake.

"Kama hii sahani iko ya kila mutu, basi na mambo yetu iko ya kila mutu. Mimi naenda."

"Uende!" Paluku akajibu. "Si ulikuwa unatafuta tu njia ya kukimbia?"

Koko, mwembamba kama mwiko, akaziba mlango wote.

"Hapana kutoka, Kambale. Mugeni hana makosa, ni sisi tulimupa." Akamgeukia mjukuu wake. "Wewe, ulileta mutu muzuri. Lakini uliuliza nani?"

"Lakini, koko, ni rafiki yangu..."

"Ni rafiki yako, ndiyo. Lakini leo ilikuwa siku ya baba yako. Sasa muende bote wawili, mukamate ule jogoo mwekundu, mumupike wenyewe. Na hapana kurudi mbio."

Jogoo yule! Nadhani alitufikisha nusu ya njia ya Kanyabayonga. Tulipanda kilima, tukashuka migombani, suruali yangu ya misa ikabaki kwenye miiba. Tulipomrudisha ndani, ameiva, macho ya wale wazee wawili yalikuwa mekundu. Kambale mwenyewe alipokea sahani mikononi mwangu, akaiweka katikati yake na kaka yake. Hakuna aliyetuambia tukae, nasi hatukungoja. Tukala maharage jikoni.

Wakati wa kuaga, koko alinishika mkono: "Urudi, mwanangu. Lakini utuambie mbele ya kuja."

Basi mwanangu, sikukatazi kutembea na rafiki. Lakini simu unayo mfukoni: piga kwanza, useme nani unakuja naye. Wakisita hata kidogo, hilo ndilo jibu, usilikasirikie. Mkiwa mmeshafika mlangoni, mwenye nyumba hawezi tena kukuambia hapana. Atacheka, atawapa chakula, na neno alilolingoja miaka atalimeza. Na wewe ukialikwa na mwalikwa, usipande pikipiki kabla hujajua kama wenyeji wanajua jina lako.

Mungu akupe meza ndefu na ndugu wa kuizunguka. Na kila nyumba utakayoingia, mwanangu, akujalie watu wafurahi kukuona, waendelee na mazungumzo yao.