Fomu ya Mama Mdogo

Sijawahi kuwa mtu wa kusitasita, na sianzi leo. Kwa hiyo natangulia na uongo nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya serikali, kwenye fomu ya mama yangu mdogo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, muda mfupi baada ya sisi watu wa Ufipa kuhamishwa kutoka vitongoji vyetu na kupangwa kwenye vijiji vipya. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mollo, nyumba zimenyooka mstari mmoja mpaka mwisho wa macho, na upepo ukipita katikati bila kuzuiwa na chochote. Mimi nilikuwa msichana msaidizi wa zahanati. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwa masista, najua kuosha kidonda, kupima homa na kuandika Kiswahili safi, na niliamini hakuna kazi pale kijijini ambayo ingenishinda. Hata leo sioni kama nilikosea sana.

Mvua za kwanza zilipoanza, ilikuja Land Rover na daktari wa magonjwa ya akili. Alikuwa kijana wa Mbeya aliyesomea Dar es Salaam, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu. Alitaka kujua watu wa vijijini wanasumbuliwa na nini akilini, na ni wangapi. Aliniambia kuwa kuna vitabu alivyosomea vilivyoandika kwamba sisi watu weusi hatupatwi na ugonjwa wa huzuni, kwamba tunaimba tu na kucheza ngoma. Yeye hakuviamini, ila alitaka kwenda nyumba hadi nyumba ajionee. Alikuwa na fomu yenye maswali. Unakosa usingizi? Chakula kinakushinda? Umewahi kuona kuwa maisha hayana faida tena? Umewahi kufikiria kujiondoa duniani? Alihitaji mtu wa kumgeuzia maneno hayo kwa Kifipa, na mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi.

Mwenyekiti naye alikuwa na orodha yake. Aliambiwa aandike wagonjwa wa akili anaowafahamu, akaandika watatu: mzee mmoja aliyekuwa akizungumza peke yake tangu ujana, kijana wa kifafa, na mama yangu mdogo. Huyo wa tatu alinikata maini. Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mjane asiye na mtoto mwingine zaidi yangu, mwepesi wa jembe na mwepesi zaidi wa utani, mtu wa kumtania hata padri. Kosa lake kwa mwenyekiti lilikuwa moja tu. Kila asubuhi alichukua jembe akarudi kwenye mahame, kule tulikotolewa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, akashinda huko peke yake. Mwenyekiti alihofia wakubwa wa wilaya wasije wakasema watu wake wanarudi walikotoka. Kumwita kichaa kulimwondolea lawama.

Na habari zilikuwa zimezagaa kwamba atakayeonekana mgonjwa atapakiwa kwenye gari lile apelekwe hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali, siku mbili za njia. Hakuna aliyemjua mtu aliyewahi kurudi kutoka huko. Nikaapa moyoni kwamba mama yangu hapandi gari lile.

Basi tukaanza kuzunguka. Kwetu mgeni akifika huchutama, mnapigiana makofi taratibu, mnaulizana hali ya nyumba, ya watoto, ya mazao, ya ng'ombe, na kila jibu ni zuri. Hata kama una homa inakutetemesha, hali ni nzuri. Hali yenyewe inakuja baadaye, mgeni akishakaa, akishika jembe akusaidie au akivuta ungo mpukuchue mahindi pamoja. Hapo kila mtu ana macho kwenye kazi yake, na maneno yanapata pa kutokea. Daktari hakuyajua hayo. Aliwekewa kiti, akamkabili mtu uso kwa uso, akauliza. Wote wakamjibu kama anavyojibiwa mgeni. Tunalala vizuri. Chakula kinapita. Maisha mazuri, tunashukuru. Nikawa najaza hapana, hapana, hapana, kurasa kwa kurasa.

Nilijua. Siwezi kusingizia ujinga. Nilikuwa nafahamu nyumba ambamo mtu hakulala tangu tuhame, na nyumba ambamo baba alikuwa halii wala hacheki. Lakini daktari alinisifu kwa wepesi wangu, nami sifa hizo zilinikolea. Nyumba ambazo alizipangia wiki nzima tulizimaliza kwa siku tatu.

Ilipofika zamu ya mama mdogo, nilimwambia daktari kwamba yuko shamba na nitamuuliza mwenyewe jioni. Sikumuuliza. Niliketi barazani kwangu nikajaza fomu yake yote kwa dakika chache. Kesho yake nikampa daktari na maelezo juu. Nikamweleza kuhusu ntumba, matuta yetu ya mviringo, ambayo nyasi hufukiwa ndani mvua zinapokaribia kwisha ili zioze, halafu mvua za mwaka unaofuata tuta linafunguliwa, udongo unatandazwa, ulezi unapandwa. Mama mdogo alifukia nyasi zake mwezi wa tatu, nikasema, na kiangazi tukahamishwa. Sasa mvua zimerudi, anakwenda kufungua alichofukia. Kuna wazimu gani hapo? Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na ndiyo maana uongo ule ulikaa sawasawa. Daktari akafurahi, akakata jina lake kwenye orodha ya mwenyekiti, akaenda Mazwi, mjini Sumbawanga, kuandika ripoti kabla ya safari yake ya Jumamosi.

Alhamisi nikachukua jembe langu nikamfuata mama mdogo mahameni kumpa habari njema. Nilikwenda kifua mbele, nimeshinda serikali na mwenyekiti kwa mpigo.

Nilimkuta kati ya ntumba zake. Nyumba zetu za zamani zilikuwa zimebaki kuta, maana miti ya paa tulikwenda nayo. Nikamwamkia, akaitikia, akasema hajambo. Nikamwambia jina lake limekatwa, hakuna wa kumpeleka popote. Akasema ahsante, kwa sauti ya mtu aliyepewa maji wakati hana kiu. Ndipo nikatazama shamba. Mvua ilikuwa na wiki mbili tangu ianze, na yeye alikuwa amefungua ntumba nne. Nne, mama ambaye zamani angefungua nyingi kuliko hizo kabla ya jua kuwa kali. Kando ya ile ya nne nyasi zilikuwa zimelala, zimechukua umbo la mtu.

Nilishika jembe nikaanza ya tano, naye akaja upande wa pili. Tukatandaza hiyo, tukaingia nyingine. Tulipokuwa kwenye ya tatu tangu nifike, akasema bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, mimi siji huku kwa ajili ya ulezi."

Nikaendelea kulima. Nilijua nikisimama atanyamaza.

"Kule nyumba zimebanana, watu wananiona. Huku nikilala chini kutwa nzima hakuna wa kuniuliza. Asubuhi nikifumbua macho naona uchungu kwamba nimeamka."

Nikadhani ni nyumba yake anailia, nikamwambia hivyo. Akasema nyumba ni udongo na miti, angejenga nyingine. Ilianza kabla ya kuhama, hata yeye hajui ilikotokea. Chakula kilikuwa hakina ladha, utani ulikuwa umemtoka kichwani, usiku alihesabu majogoo. Hapo nikamuuliza lile swali la mwisho la fomu, ambalo nilikuwa nimeligeuza kwa Kifipa nyumba baada ya nyumba bila kulisikia. Je, amewahi kufikiria kujiondoa duniani? Akasema ndiyo. Akasema jana yake tu alifikiria.

Niliogopa. Halafu nikajikasirikia, hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso unanipata moto. Nikamwambia nilichoandika.

"Uliandika sawa," akasema. "Hata mimi ningemjibu hivyohivyo."

Nikamwambia nataka kwenda kumwambia daktari ukweli. Akauliza habari za gari. Nikamjibu kwamba gari hilo likimpakia yeye litanipakia na mimi, na kwamba huko hospitali nitalala chini ya kitanda chake wakipenda wasipende. Kisha akanipa jembe lake nimbebee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, tukarudi nyumbani pamoja. Siku ile alilala kwangu, na asubuhi nilimkabidhi kwa mke wa balozi wa nyumba kumi, mama anayejua kukaa na mtu bila kumchosha kwa maneno. Mimi nikaazima baiskeli ya katibu wa kijiji, nikashika njia ya Mazwi.

Daktari alikuwa nyumba ya wageni, amezungukwa na fomu zilizofungwa vizuri kwa uzi. Nikaitafuta ya mama mdogo nikaiweka mbele yake, nikamwambia hii ni ya uongo, niliijaza mwenyewe. Akaisoma, akaiweka chini. Akauliza kama kuna nyingine.

"Zote, Daktari," nikasema.

Hapo ikabidi nimweleze. Nikamweleza salamu yetu inapoanzia na inapoishia, na kwamba yeye siku zote aliondoka ingali njiani. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema karatasi hizo zingekwenda kuwapa ushahidi walewale walioandika kwamba sisi hatujui huzuni. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikamjibu kwamba nilipenda kusifiwa. Alichungulia dirishani akamwita dereva, akamwambia Jumamosi hawaondoki.

Alikuja mahameni bila kiti na bila fomu. Nilimwazima jembe. Akakunja suruali akalima, na kwa kuwa kwao Mbeya wanalima matuta marefu, akatuharibia ntumba mbili kwa kuzinyoosha. Mama mdogo alimtazama, akaniuliza kwa Kifipa kama huyu naye yuko kwenye orodha ya mwenyekiti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa utani wake wa kwanza kwa miezi mingi, na daktari alipotafsiriwa akaucheka pia, kisha akaendelea kuharibu.

Ilichukua asubuhi mbili. Mama mdogo alisema mbele yake yale aliyoniambia mimi, na mengine ambayo hakuniambia. Daktari akamjibu waziwazi kwamba huo ni ugonjwa, una dawa, na si aibu yake wala ya ukoo. Hapakuwa na haja ya hospitali ya mbali ikiwa kuna mtu wa kukaa naye. Vidonge angechukua kila mwezi hospitali ya mjini Sumbawanga. Kulima aendelee, ila asilime peke yake. Mwenyekiti alipoambiwa alivuta midomo, akauliza wakubwa wa wilaya atawaambia nini. Daktari akamwandikia barua yenye sahihi. Baada ya hapo mwenyekiti hakuuliza tena, maana barua yenye sahihi ilikuwa kitu kikubwa.

Sitaki kudanganya mara ya pili, kwa hiyo nasema kwamba haikuwa mteremko. Vidonge vilimkausha mdomo, akavilaani kila siku. Kuna wiki alizokataa kuamka, nami nikamvutia blanketi kwa nguvu mpaka tukagombana. Lakini ntumba zilifunguliwa zote, ulezi ukapandwa, na wakati wa kuvuna mama mdogo alikuwa anawachambua watu njia nzima kutoka shamba mpaka nyumbani. Kilichomponya sikijui hasa, kama ni vidonge, au jembe, au mtu wa upande wa pili wa tuta. Siku hizi nawasikia wataalamu redioni wakisema ugonjwa huu unaitwa sonona, na kwamba dawa na mtu wa kukusikiliza vinakwenda pamoja. Nawaitikia nikiwa jikoni kwangu kwamba mimi hilo ninalo tangu zamani.

Daktari alirudia nyumba zote za kijiji kile, safari hii akipukuchua mahindi na kubeba kuni. Majibu ya ndiyo yalimjazia daftari. Mimi nilikuwa nyuma yake nikigeuza maneno, na kwa mara ya kwanza nikiyasikia.

Miaka mingi baadaye mume wangu alifariki. Matanga yalipokwisha watu wakaendelea kuja kunijulia hali, nami nikawajibu wote vizuri, nikawapikia na chai. Nilikuwa nesi kamili wakati huo, mtu wa kutegemewa, na wote walisema najikaza. Asubuhi moja akaja mama mdogo, mzee sasa, amebeba majembe mawili. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali.

"Nzuri, mama."

Alinipa jembe moja akatangulia shambani, nikamfuata kwa heshima tu. Tukafungua ntumba ya kwanza, tukafungua ya pili. Kwenye ya tatu akaniuliza tena, bila kuinua kichwa, nami nikamwambia.