Rupia Zilizokataliwa Mombasa

Nilitoka kijijini Ronge, milimani, kwenda Mombasa kwa sababu ya sentensi moja. Binti yangu alinitumia picha kutoka jengo la zamani la benki, ambalo siku hizi lina maonyesho ya pesa za wakati wa mkoloni. Chini ya mkufu wa rupia zilizotobolewa pameandikwa: "Watu wa milimani hawakujua matumizi ya pesa, waliigeuza pambo."

Mkufu ni wa nyanya yangu. Maneno ni yangu. Nikiwa nimetoka sekondari, mtafiti mgeni aliniuliza kwa nini nyanya alikuwa akivaa pesa. Nyanya alikuwa amefariki karibuni, hakuwepo wa kunikanya. Nikataka nionekane msomi. Nikajibu hivyo, nikampa na mkufu.

Mwatate, asubuhi. Dada yangu Mghoi alinisindikiza mpaka hapo. "Watakucheka," alisema.

"Wacheke. Ukweli watausikia huku wakicheka."

Voi nilipanda treni. Nyanya naye aliteremka hadi bandarini kwa reli, serikali ilipoacha rupia ikaleta shilingi. Babu alilipwa rupia hizo kwa kubeba mizigo vitani, akarudi na kifua kibovu. Milimani hapakuwa na benki. Mombasa, karani wa mlangoni mwa benki alimtaka nyanya alete barua ya bwana DC. Alipoileta, akaambiwa muda wa kubadilisha umekwisha. Akarudi nyumbani, akazitoboa kwa msumari, akazivaa kila siku ya soko, mbele ya mkusanya kodi. "Wamezikataa mlangoni kwao," alisema. "Watazitazama shingoni mwangu."

Mombasa, saa sita. Msimamizi wa maonyesho, Bi Rukia, alinipokea kwa maji baridi. Nikamwambia kile kibandiko kitoke leo.

"Mzee wangu, yale yametoka kwa mtaalamu."

"Na mtaalamu aliyatoa kwangu. Nilimdanganya."

Aliweka bilauri chini. "Ala! Ututie ujingani wewe, kisha waja kutugombeza sisi?"

"Nimekuja kujigombeza. Lakini nyanya yangu hakuwa mjinga, na siondoki akiitwa hivyo."

"Andika barua. Kamati itakaa."

"Na ikae. Itanikuta hapa." Nikaketi sakafuni, chini ya mkufu.

Wageni walianza kuniuliza, nami nikawasimulia, mmoja baada ya mwingine. Ilipokaribia saa kumi Bi Rukia akaja na karatasi na kalamu. "Haya, mkaidi wee. Andika yote, na useme nani alidanganya. Bila jina sibandiki."

Kumtetea nyanya kulikuwa rahisi kuliko kujitaja. Niliandika nyanya alivyofukuzwa, kisha: "Uongo wa kwanza niliusema mimi," na jina langu lote. Bi Rukia akakibandua kibandiko cha zamani mbele yangu, akabandika mwandiko wangu.

Nilifika Ronge kesho yake. Nimejifunza kwamba anayeona aibu kwa ukaidi wa wazee wake humfanyia karani kazi yake ya kufukuza watu mlangoni. Mimi niliifanya mpaka uzee ukanifikia.

Mghoi aliuliza swali moja tu: "Uliandika jina?"

"Lote."

"Basi karibu chakula."