Utumbo wa Kuku

Asubuhi hii sokoni Xiaobei, muuza kuku alivuta utumbo kwa kidole kimoja ukakatika kama uzi uliolowa. Ile harufu iliponifikia, nikajikuta nimebana viganja vyangu pamoja.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa na duka katika jengo la Tianxiu. Baba alikuwa chuo kikuu hapa hapa Guangzhou, China, akitafiti dini ya siri ya Mithra, mungu wa askari wa Roma. Maandishi ya kale yanasema walioingizwa katika dini hiyo walizibwa macho na kufungwa mikono kwa utumbo wa kuku, mpaka mkombozi aje kuukata kwa upanga. Wasomi wenzake walicheka. Utumbo utamzuia nani?

Jumapili moja akawaalika chakula, akanifunga mimi mikono jikoni mbele yao. Utumbo ulikuwa bado vuguvugu, ukinuka kinyesi. Macho alinifunga kwa mtandio wa mama.

"Haya, jinasue," akasema kwa ile sauti yake ya wageni. Kisha akaninong'oneza sikioni, "Ukikatika, utanijua."

Wakaenda kula sebuleni. Mama akaja kuchukua pilipili.

"Mama," nikaita.

"Vumilia, mwanangu. Baba yako ana wageni."

Walipomaliza kula wakarudi, baba akanivua mtandio.

"Mnaona? Umeshika!"

Wakapiga makofi, mmoja akanipiga picha.

Picha hiyo imo kitabuni mwake hadi leo. Maneno ya chini yake yanasema mtoto alijitahidi kwa nguvu zake zote, akashindwa.