"Salama" ya Bibi si Kipimo

Wanakwaya wenzangu, leo nusura salamu imkoseshe bibi yangu mguu.

Yuko wodini hapa Ifakara, mguu uliovunjika umefungwa plasta ngumu. Asubuhi nesi akapita mbio na faili mkononi.

"Shikamoo bibi, umeamkaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Salama."

Nesi akaandika: anaendelea vizuri. Akageuka aende zake!

Shuka hakufunua. Vidole vya mguu hakugusa.

Nikamwambia, "Dada, hiyo ni salamu tu. Muulize mguu."

"Mwenyewe amesema salama. Kwani mgonjwa ni wewe?"

Bibi akaingilia kwa upole: "Mimi salama, mjukuu wangu. Mguu ndio unakufa."

Akafunua. Vidole vimevimba, vya baridi kama samaki wa jana. Mbio zikaanza upya, safari hii za kumwita daktari. Plasta iliyombana ikapasuliwa, vidole vikarudiwa na joto.

Nesi akasema nini? "Bibi, mbona hukusema?"

Jamani! Bonde zima hili, hata anayetoka kuzika hujibu, "Nzuri, ila tumefiwa." Huyu kakulia wapi, hajui kusubiri "ila"?

Kalamu inaning'inia hapo kwenye ubao wetu wa kwaya, andikeni maoni yenu chini ya haya yangu.

Bibi anasema hajambo. Vidole nimevishika mwenyewe.